Kadi Iko kwa Mkwe

Mpenzi msomaji, mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutamalizia ile mada ya wivu kazini. Naomba uniwie radhi, haipo. Mwezi huu nimejikuta Kichiwa, kule kati ya Njombe na Makambako, nimechuchumaa kwenye baridi ya mwezi wa saba nikisugua pikipiki kwa mswaki.

Ilikuwa hivi. Mama watoto alikuwa amekwenda kwao kusaidia kuvuna mahindi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani pale Tabata. Ukweli ni kwamba Jumapili moja alikusanya nguo zake na za mtoto mdogo, akaniambia amechoka kuishi na mtu wa "nitafanya kesho". Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nikakaa wiki tatu nikijifanya mwanaume. Ya nne nikapanda basi.

Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilitegemea kikao, wazee wamekaa kwenye mabenchi, mimi katikati nimeinamisha kichwa. Nilipofika nikasema shikamoo baba, mzee akaitikia marahaba, akaongeza na "kamwene" ya kwao, tukala ugali na maharage, basi. Mama watoto alinikaribisha vizuri tu, kama anavyokaribishwa mgeni. Nikapewa chumba cha wageni, yeye akalala kwa mama yake. Kabla sijaenda kulala baba mkwe akasema, "Mkwe, kesho kama huna kazi, tuitazame ile pikipiki."

Ile pikipiki nilimpa mimi. Mwaka 2019 kuna mradi mmoja ulikuwa unafunga ofisi zake, nikanunua Honda CG 125 nyekundu, nikaipeleka Kichiwa kwa mbwembwe zote, vigelegele vikapigwa. Usidharau zawadi ile. Kabla bodaboda hazijajaa kila kona, pikipiki kijijini ilikuwa ya padri, ya bwana shamba na ya mganga wa zahanati. Mzee wa miaka yake kuwa na Honda si jambo dogo.

Asubuhi nikaikuta kwenye banda, nyuma ya magunia, imefunikwa turubai. Kuku walikuwa wanalala juu ya siti. Kwa kweli niliumia, na nitasema ukweli, nilikasirika. Nikawaza, watu hawa hawathamini. Nikawaza mpaka bei niliyonunulia.

Basi tukaanza. Mimi nilishika stilwaya nikaelekea kwenye ekzosi, mzee akanizuia mkono. Kumbe ile rangi ya kung'aa ya kromu ni ngozi nyembamba sana juu ya chuma, ukiikwangua unaifungulia kutu mlango. Kwanza ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, mengi, uyaache yaloweshe. Ukifuta vumbi likiwa kavu unachora rangi, maana vumbi jekundu la kule lina mchanga ndani. Mdomo wa ekzosi tukauziba kwa tambara maji yasiingie. Mavi ya kuku tukayalowesha peke yake mara tatu, yamekwishaila rangi ya tanki pale juu, alama haitoki tena. Chini ya madigadi nilitoa tope limekauka kama tofali. Tope likikaa hapo linashika unyevu, na chuma kinaoza ndani kwa ndani huku juu unaona kizima.

Kwa kutu ya kromu nina siri nitakayokupa bure. Ile karatasi ya kung'aa iliyofungia kuku niliyemla stendi ya Makambako, nilikuwa nimeitia mfukoni. Unaikunja, unaichovya majini, unasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwangua. Ukimaliza unafuta, unapaka oili kidogo kwa tambara. Hendeli ikarudi, na rimu kiasi chake. Vijishimo vilivyokwisha kuliwa vinabaki, usijidanganye. Kwenye makava ya injini, ambayo ni alumini na yalikuwa yameota unga mweupe, tulitumia msasa laini wa maji, halafu Brasso, halafu mkono mpaka ukachoka. Cheni tukaisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki. Mtu asikwambie utumie petroli, hasa kama jiko la kuni liko hatua tano.

Mama watoto alikuwa anapita na ndoo za maji ya moto. Anaweka, anaondoka. Ya tatu akasimama kidogo akaangalia, akasema, "Hapo nyuma umeruka." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu nifike.

Jioni nikafika kwenye mita. Kioo kilikuwa na ukungu, nikakisugua kwa dawa ya meno mpaka namba zikatokea. 18,412. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, nasahau ahadi lakini namba zinakaa. Siku niliyoileta mita ilisoma 18,340. Nikatoa kichwani. Kilomita 72 kwa miaka yote ile.

Nikamuuliza, "Baba, mbona hujaitumia?"

Alikuwa anafuta spoki. Hakuniangalia. "Nilikwenda nayo Makambako. Trafiki akanisimamisha, akaomba kadi. Nikamwambia kadi iko kwa mkwe wangu, Dar es Salaam. Ataileta."

"Halafu?"

"Akaniachia. Akasema nisirudie bila kadi. Nikarudi nikaipaki."

Mpenzi msomaji, ile kadi ilikuwa kwenye droo yangu Tabata. Ina jina langu. Siku ya vigelegele nilisema nitaituma wiki ijayo. Mama watoto alinikumbusha mwaka huo, akanikumbusha Krismasi, akanikumbusha kila tulipopiga simu kwao, na mimi nikawa nasema mke wangu ana maneno mengi. Mzee hakuuliza hata mara moja. Utamdai vipi mkweo kitu alichokupa bure mbele ya watu? Na binti yake ndiye aliyekuwa akishika simu, akiulizwa na mama yake, akitunga uongo wa kunisitiri. Hilo sikulijua. Nilidhani anadai karatasi.

Nikaosha mikono, nikatafuta mahali pa mtandao, nikampigia mdogo wangu avunje droo. Usiku huohuo bahasha ilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, ikisubiri basi la alfajiri.

Kesho yake fundi wa kijiweni alikuja. Petroli ya zamani ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango, tukaimwaga yote. Kabureta imejaa ulambo, njia zake ndogo zimeziba. Tangini tukatia kokoto safi, tukaitikisa kama watoto wanaocheza manyanga, ikatoka maji ya kahawia. Fundi alinipa somo ambalo sikuliomba. Alisema Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, kwa watu wanaoendesha bila kukumbuka sevisi, na injini nyingi za pikipiki za Kichina tunazopanda kama bodaboda zimenakiliwa humo. Hata cheni wameifunika kwenye kasha. Yaani imetengenezwa ivumilie kusahauliwa. Mama watoto alikuwa amesimama hapo na ndoo. Sikumwangalia, na najua unangoja niseme nini kuhusu ndoa. Sisemi.

Bahasha nikaifuata Makambako kwa bodaboda. Nilimkabidhi mzee kwa mikono miwili. Akasoma mbele, akasoma nyuma, akaifunga kwenye nailoni, akaitia mfuko wa shati. Kisha akapiga kiki. Ya sita ikawaka, moshi mweupe, kuku wakakimbia. Akavaa kofia ngumu, akatoka mdogo mdogo mpaka barabarani.

Tukabaki wawili uani. Mama watoto akauliza, "Na kubadili jina?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kesho. Nikaufunga.

"Sipandi basi kabla halijabadilika," nikasema.

Ikanilazimu kubaki siku nne zaidi, maana mzee hakuwa na TIN, na TIN inataka namba ya NIDA, na kitambulisho kilikuwa chini ya sanduku la mama mkwe. Nyumba nzima ilipekuliwa. Siku hizo nne tulikula pamoja, nikapukuchua mahindi, na usiku wa mwisho tukakaa jikoni motoni mpaka saa sita tukizungumza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Hakurudi nami. Alisema mahindi bado hayajaisha, na safari hii yalikuwa kweli hayajaisha.

Nimekuwa Tabata wiki tatu sasa. Jana usiku amenitumia picha kwenye simu, bila neno. Nikaifungua haraka nikidhani ni ya mtoto. Ilikuwa ya mita: 18,655.