AFYA YETU: Picha ya Fuvu la Kichwa

Mtu akianguka kutoka mtini, au akipigwa rungu, au akitupwa chini na pikipiki katika barabara ya Keroka, neno la kwanza wasemalo jamaa zake ni hili: "Apelekwe akapigwe picha ya kichwa." Ni neno jema, lakini wengi walisemao hawajui picha hiyo yaonyesha nini na yaficha nini. Kutojua huko kwaweza kuua, kwa hiyo leo tutalieleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana dhahiri. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Msomaji akitaka kufahamu kazi ya mionzi hiyo, na achukue jani la mgomba, alinyanyue kuelekea jua. Ubapa wa jani hupitisha nuru, bali ule uti wa katikati, kwa kuwa ni mnene, huizuia. Mionzi ya eksirei hufanya vivyo hivyo mwilini. Nyama na ngozi huipitisha kwa wingi. Mfupa, kwa sababu ya chokaa iliyomo ndani yake, huizuia. Filamu iliyowekwa upande wa pili hugeuka nyeusi pale ilipofikiwa na mionzi mingi, na hubaki nyeupe pale mfupa ulipoizuia. Ndiyo sababu mfupa ni mweupe katika picha, na matundu ya hewa yaliyo nyuma ya pua na paji la uso ni meusi. Siku hizi mahali pengi bamba la elektroniki limechukua nafasi ya filamu, lakini kanuni ni ile ile.

Picha moja ya kichwa haitoshi. Fuvu ni kama kibuyu, na picha ni kivuli chake tu. Upande wa kushoto na wa kulia hulaliana juu ya karatasi moja. Kwa hiyo hupigwa angalau mbili, moja ya mbele, mgonjwa akiwa ameegemeza paji na pua juu ya bamba, na moja ya ubavuni. Hereni, vibanio vya nywele, shanga na meno ya bandia huondolewa kwanza, maana chuma huacha alama nyeupe ambayo yaweza kufunika mahali penye ubaya. Kisha mgonjwa huambiwa atulie kabisa. Akitikisika kidogo tu, picha hutoka na ukungu, na ufa mwembamba hauonekani tena.

Mwenye kuisoma picha ana kazi ngumu kuliko mwenye kuipiga. Fuvu la mtu si mfupa mmoja. Lina mifupa 22 ukihesabu na ile ya uso, na 8 kati yake ndiyo iliyoufunika ubongo. Mifupa hiyo imeungana kwa mishono iendayo upogoupogo kama meno ya msumeno, nayo huonekana katika picha kama mistari ya rangi nyeusi. Mishipa ya damu nayo huchimba mifereji midogo upande wa ndani wa mfupa, na mifereji hiyo hujigawa kama matawi ya mti huku ikizidi kuwa myembamba. Asiyezoea hudhani yote hayo ni nyufa. Ufa wa kweli aghalabu ni mweusi zaidi, kingo zake ni kali, nao huenda moja kwa moja bila kufuata njia ya mshono. Na pale mfupa ulipobonyea ndani, hauonekani mweusi bali mweupe zaidi, kwa kuwa vipande viwili vimelaliana. Kwa mtoto mchanga, ambaye utosi wake bado u laini na mishono yake i wazi, mambo haya huwa magumu maradufu.

Hapa yafaa tukumbushe kwamba nchi ya Kisii na Nyamira inajulikana na madaktari wa dunia nzima kwa sababu ya fuvu la kichwa. Mabingwa wa jadi wa Abagusii, waitwao ababari (mmoja ni omobari), walikuwa wakipasua kichwa cha mtu aliyeteswa na maumivu yasiyokwisha baada ya kupigwa au kuanguka. Walichana ngozi, kisha wakaukwangua mfupa polepole kwa kisu hata wakaufikia utando unaoufunika ubongo, nao utando huo wakajihadhari sana wasiutoboe. Mwaka 1958 habari zao ziliandikwa katika jarida la madaktari la Afrika ya Mashariki. Dakta Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1955 hata 1959, naye aliwachunguza, na maandishi yake yalitoka kitabuni mwaka 1967. Wengine wakaandika tena mwaka 1985, wakishuhudia kwamba waliokufa kwa kazi hiyo walikuwa wachache. Si haba kwa watu wasiokuwa na mashine yo yote.

Mtu wa namna hiyo akipigwa picha, tundu lake huonekana kama doa jeusi kati ya weupe wa fuvu. Kwa kuwa mfupa ulikwanguliwa, wala haukukatwa wima, kingo huwa za mteremko, weupe ukififia kidogo kidogo kuelekea katikati. Kingo zikiwa laini na za mviringo, daktari hutambua kwamba mfupa ulipata kupona, yaani mgonjwa aliishi muda mrefu baada ya kupasuliwa. Tundu lenyewe halizibiki, maana fuvu la mtu mzima haliwezi kuotesha mfupa wa kutosha.

Turudi sasa kwenye hatari tuliyoitaja. Picha ya eksirei huonyesha mfupa. Ubongo hauonyeshi, wala damu iliyovuja ndani ya fuvu. Chini ya mfupa wa panja hupita mshipa mkubwa kidogo wa damu, na mfupa wa mahali hapo ni mwembamba. Mtu akipigwa hapo, yawezekana azimie kwa kitambo, kisha ainuke, aongee na jamaa zake, hata ale chakula. Kumbe damu inajikusanya ndani na kuusonga ubongo. Saa chache baadaye hulala usingizi usioamshika. Picha yaweza kuonyesha ufa unaokatiza njia ya mshipa huo, na hilo ni onyo kubwa. Lakini yaweza pia isionyeshe kitu, na mgonjwa yu hatarini vile vile.

Ndiyo sababu hospitali kubwa, kwa majeraha ya kichwa, sasa hutumia skani ya CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa mjini London mwaka 1971. Mashine hiyo huzungusha mionzi kichwani na kukikata kwa picha kama mkate uliokatwa vipande, damu na ubongo vikaonekana. Mionzi yake ni mingi kuliko ya picha ya kawaida, wala hakuna sababu ya kuiomba kwa kila kipandauso. Picha ya kawaida ya fuvu, kwa upande wake, hutoa mionzi isiyozidi ile tuipatayo sote kutoka ardhini na angani kwa majuma machache, nayo haibaki mwilini. Hata hivyo mama mwenye mimba na aseme mapema.

Basi, mgonjwa aliyeumia kichwa akitapika tena na tena, akizidi kulalamika maumivu, akisinzia ovyo, akishikwa na kifafa, akilegea upande mmoja, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akitokwa na maji au damu puani au sikioni, arudishwe hospitali usiku huo huo, hata kama bahasha ya picha iko mezani na imeandikwa kwamba hakuna ufa. Usingoje mapambazuko wala gari la bei nafuu.

Na mzee aliyepata kufanyiwa kazi na omobari zamani, asione haya kumwambia daktari kabla ya kupigwa picha. Yako maradhi yalayo mfupa wa fuvu na kuacha matundu meusi katika picha, na daktari asiyeambiwa habari ya kisu aweza kuyatafuta maradhi hayo kwa vipimo vingi na gharama nyingi.