Korongo ipimwe, isikisiwe kwa macho



Mvua ikisha kupita, kila mmoja wetu anajua korongo imekula shamba upande gani. Lakini mgeni wa mradi akiuliza udongo kiasi gani umeenda, tunajibu kwa mikono: "Ni mingi sana!" Mwenye shamba la juu anasema ni kidogo, mwenye shamba la chini anasema ni mingi. Mabishano yanaanza, na mitaro haichimbwi.

Sisi tunaona saa imefika kila kooperative ipime makorongo yake yenyewe. Chombo tuko nacho mfukoni: telefone yenye kupiga picha.

Namna gani picha bapa inaweza kuonyesha kina? Funga jicho moja, halafu ujaribu kuingiza uzi kwenye sindano. Iko nguvu! Macho mawili yanatazama kutoka pande mbili, ndiyo sababu tunajua kitu kiko mbali ao karibu. Programu ya ordinatere inafanya vile vile. Inatafuta jiwe lile lile, mzizi ule ule, kwenye picha nyingi, inahesabu kila picha ilipigwa kutoka wapi, na mwishoni inajenga umbo la korongo yote.

Si uchawi, wala si jambo la jana. Afisa wa jeshi la Ufaransa, Aimé Laussedat, alitumia picha kuchora ramani katika karne ya 19. Hapa kwetu, wataalamu walipima kwa picha namna ziwa la moto la Nyiragongo lilivyokuwa linapanda na kushuka. Na programu MicMac, iliyotengenezwa na IGN, ofisi ya ramani ya Ufaransa, inapatikana bila kulipa.

Juu ya nini umbo ni la maana? Chukua korongo ya metre 20 urefu, metre 3 upana, metre 2 kina. Kama kingo zake zimesimama sawa ukuta, udongo uliotoka ni metre kibe 120. Kama chini imebanana sawa herufi V, ni 60 tu. Mwenye kupima paka kwa kamba anaweza kukosea mara mbili.

Kazi inaomba uangalifu. Mupige picha nyingi mukizunguka korongo, mbali kidogo na ukingo, na kila picha ishike sehemu kubwa ya ile ya mbele yake. Mulaze chini fimbo ya metre moja: bila kipimo, programu inatoa umbo bila kujua ukubwa. Mupake rangi mawe makubwa yasiyosogea, ili picha za mwaka ujao zilinganishwe na za leo. Maji yanayotembea na majani yanayopepea yanavuruga hesabu, basi kiangazi ndiyo wakati mzuri.

Wengine watasema: picha haifukii korongo. Kweli. Ni mitaro, pamoja na setaria na tripsacum kwenye kingo zake, ndiyo inashika udongo. Wala picha hazingezuia maji ya Kalehe ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 kule Bushushu na Nyamukubi. Lakini korongo yenye kipimo cha mwaka jana na cha mwaka huu inaonyesha kama mitaro yetu inafanya kazi ao hapana.

Ordinatere yenye nguvu iko mjini, kwa mtaalamu. Hapo tuwe macho. Picha zikienda, nakala na hesabu zirudi. Miradi inakuja na kuondoka, korongo inabaki. Mkutano mkuu uandike wazi: picha ni mali ya kooperative, na hazitatumiwa kusogeza mpaka wa shamba la mtu. Bila sharti hilo jirani atakataza tupige picha kwake, na atakuwa na haki.

Tuanze na korongo moja tu, ile inayoleta mabishano zaidi, mbele ya mvua za Septemba. Mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini waende pamoja, wakishika ile fimbo ya metre.