Karatasi ya fundi inalinda mwenye nyumba na mpangaji

Tangu vita itutawanye, hapa Eringeti tumezoea mapatano ya namna moja. Familia iliyokimbia inafika, inakuta nyumba ya manjanja yaliyotoboka. Mwenye nyumba hana pesa. Anawaambia: «Tengenezeni, tutakata katika pesa ya nyumba.» Mpangaji anaita fundi, ananunua manjanja na misumari, watoto wanalala pakavu. Hakuna aliyeandika kitu.

Mapatano hayo ni mazuri. Ubaya wake ni kwamba yanabaki mdomoni.

Tuseme chumba ni dola 20 kwa mwezi, na fundi pamoja na vifaa ni dola 60. Hiyo ni miezi mitatu. Mwenye nyumba atasema hakushika hata dola moja. Lakini mbele ya kodi ya serikali, amelipwa: pesa yake ya nyumba imeingia katika paa lake. Kodi ya mapato ya nyumba, yenye msingi katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, inahesabiwa juu ya pesa yote ya nyumba, si juu ya ile inayobaki baada ya kumlipa fundi. Kwa kiwango tulichozoea cha 22 kwa mia, dola 60 hizo zinadai kodi ya dola 13.20.

Mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Lakini siku akiulizwa, anamgeukia nani? Mpangaji. Anamwambia aongeze pesa, ao atoke, kwa kuwa sasa paa ni jipya na kuna mtu mwingine mwenye garanti mkononi. Mama aliyelipa manjanja hana cha kuonyesha. Anakimbia mara ya pili, na safari hii hakuna aliyepiga risasi.

Wengine wananiambia: «Ukiandika, unaita watu wa kodi.» Mimi sikubali. Kunyamaza hakufuti kodi. Kunafuta tu ushahidi wa mnyonge. Hata mwenye nyumba anapoteza: bila karatasi, mpangaji anaweza kudai fundi alilipwa dola 100, naye hana jibu.

Serikali nayo ina deni kwetu. Katiba ya 2006 iliweka kodi hii mikononi mwa jimbo. Tangu Goma ianguke Januari 2025, uongozi wa jimbo unafanya kazi Beni, karibu nasi. Basi waje kwenye redio waeleze kwa Kiswahili na Kinande: nani analipa, lini, wapi, na karatasi gani mtu anapewa akilipa. Kudai bila kueleza ni kuwasukuma watu kujificha. Na nyumba inayohifadhi waliokimbia isihesabiwe kama hoteli ya mjini.

Wakati tunangoja, kaye moja inatosha. Andikeni tarehe, kazi iliyofanywa, bei ya vifaa, mshahara wa fundi, na miezi itakayokatwa. Mwenye nyumba, mpangaji na fundi watie sahihi ao kidole, mbele ya shefu wa avenue. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Fanyeni hivyo kabla fundi hajakusanya nyundo zake. Akishaondoka, kila mtu anakumbuka bei yake.