Wanaonunua mkonga wadai utulivu ndani ya gari

Abiria wa Land Cruiser mkonga linalotoka Arusha kwenda Karatu huacha kuzungumza kabla ya kufika Makuyuni. Lami ni nzuri, gari linakwenda mwendo wa barabara kuu, na sauti ya upepo, matairi na injini imejaa ndani. Dereva anapaza sauti kumweleza mgeni habari za Ziwa Manyara. Mgeni wa siti ya nyuma anatikisa kichwa bila kupata neno. Tumelizoea jambo hili hadi tunaliona ni sehemu ya gari lenyewe, kana kwamba gari gumu halina budi kupiga kelele. Sisi tunasema hapana. Sehemu kubwa ya kelele hizo inaondoka kwa kazi ya kawaida ya gereji, na wanaonunua magari haya kwa wingi, yaani serikali, halmashauri, mashirika ya misaada na kampuni za utalii, wana wajibu wa kuidai kazi hiyo.

Gari lenyewe tunaliheshimu. Toyota ilianza kuuza ukoo huu wa Land Cruiser mwaka 1984, na kila fundi kutoka Kigoma hadi Lodwar anajua kwa nini bado unauzwa: linatengenezeka popote. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila tabo, inavumilia mengi. Lakini kioo chake cha mbele kinakaribia kusimama wima, paa lina mifereji ya maji pembeni, bodi ni mabati mapana yasiyo na kitu nyuma yake, na ubavuni kuna vioo vya kusukuma vinavyocheza kwenye reli zake. Vyote hivyo vinatoa sauti. Kisha sisi tunaongeza vya kwetu: keria kubwa juu, mkonga wa kuvutia hewa ubavuni, matairi ya matope, na paa la kufungua kwa ajili ya kutazama wanyama.

Anayeumia zaidi ni dereva, kwa sababu mgeni anakaa siku chache na dereva anakaa humo msimu mzima. Wataalamu wa afya ya kazini wanatumia mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na taasisi ya NIOSH ya Marekani inafundisha kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama unakatika nusu: kwenye desibeli 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Kenya ina kanuni za kelele mahali pa kazi za mwaka 2005, zenye ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwa dereva wa kuajiriwa mahali pa kazi ni nyuma ya usukani. Gari lililofungwa vizuri liko chini ya viwango hivyo. Lenye raba zilizokauka, matairi yaliyolika vibaya na dirisha la dereva kuwa wazi mchana kutwa linaweza kuvisogelea, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, sikio la kulia ndilo linalopigwa na upepo saa zote. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Na hata sikio likinusurika, uchovu unabaki, na dereva aliyechoka ni hatari kwa wote aliowabeba.

Ila linalotusukuma kuandika leo ni gari la wagonjwa. Magari mengi ya wagonjwa katika wilaya zetu za vijijini ni haya haya, yaliyowekewa kitanda, mtungi wa oksijeni na king'ora. Mfikirie muuguzi aliyeinama nyuma na mama aliyetoka kujifungua huku damu haikomi. Anafunga mkanda wa kupimia presha mkononi, anapuliza, anaweka vifaa vya kusikilizia masikioni, kisha anaachia hewa taratibu akisubiri mapigo yaanze na yanyamaze. Mapigo hayo ni hafifu hata katika wodi tulivu. Ndani ya gari linalokimbia hayasikiki, kwa hiyo muuguzi anabaki na mambo mawili: amwombe dereva asimame, dakika zipotee, au ashike mshipa kwa vidole na akadirie namba ya juu peke yake. Kwa kichanga ni vigumu zaidi. Chuo cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza tangu 1997 kwamba kelele katika wodi za watoto wachanga mahututi zisizidi desibeli 45, na hakuna gari la aina hii linalofika huko likiwa barabarani. Angalau tusimwongezee mtoto kelele ambazo zingeondolewa kwa raba mpya. King'ora nacho, spika yake ikihamishwa kutoka juu ya paa na kufungwa mbele kwenye bampa, wa ndani wanapumua na wa barabarani wanaendelea kusikia vizuri. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Raba za milango ndizo za kwanza kuangaliwa, na tunashangaa kuona zinavyosahauliwa. Sauti inapita palipo na tundu, na tundu dogo linaharibu kazi yote ya ukuta mnene. Wahandisi wa sauti wana hesabu inayojulikana: ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata ungekuwa wa zege, hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hiyo mwenye gari asianze kwa kununua mazulia ya bei kubwa wakati mlango wa nyuma unapitisha mwanga. Achukue noti au kipande cha karatasi, akibane kwenye mlango, avute. Karatasi ikitoka bila kukwama, raba hiyo imekufa au mlango umelegea kwenye bawaba. Azunguke gari zima hivyo, kila baada ya shubiri moja, milango miwili ya nyuma ikiwemo.

Sisi wa barabara za vumbi tuna kipimo kingine ambacho wenye lami tupu hawana. Baada ya safari ya changarawe, kabla gari halijaoshwa, fungua milango na utazame. Panapoonekana mstari mwekundu uliopita upande wa ndani wa raba, hapo vumbi limeingia, na palipopita vumbi panapita upepo na sauti. Inua mpira wa chini ya gia na ule wa gia ndogo ya 4x4. Mara nyingi umechanika na vumbi limejikusanya pembeni yake. Angalia vizibo vya sakafuni na mipira inayozunguka nyaya zinazotoka upande wa injini. Matundu hayo yana hatari kubwa kuliko kelele. Gari lenye mgongo bapa huvuta moshi wake lenyewe kutoka nyuma, na mlango wa nyuma usiobana unaingiza hewa ya ekzosi kwa watu waliokaa humo. Fundi anayeziba njia hiyo anaokoa masikio na mapafu kwa pamoja. Aache tu vitundu vya kutolea maji chini ya milango, maana vikizibwa mlango unaoza kwa kutu.

Upepo unahitaji maelezo kidogo. Nguvu ya sauti yake haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa kasi mno, kiasi kwamba kushuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80 kunapunguza kelele za upepo kwa karibu desibeli 5 au 6. Hakuna kifaa cha dukani chenye faida kama hiyo kwa bei hiyo, na kampuni inayopanga ratiba ya safari ndiyo inayoamua mwendo, dereva anatekeleza. Keria isiyobeba kitu ishushwe. Inayobaki juu, vyuma vyake vya mviringo vikizungushiwa kamba kwa mtindo wa ond, mluzi unapungua sana kwa sababu upepo unavunjika vipandevipande. Anayetaka kujua mlango upi unalia abandike gundi pana ya karatasi juu ya maungio yote, aendeshe, kisha abandue mlango mmoja baada ya mwingine hadi sauti irudi.

Kuhusu matairi tutasema waziwazi: wengi wanaofunga matairi ya matope hawayahitaji. Vipande vyake vikubwa hupiga lami kimoja kimoja na kutoa ule mngurumo mzito, na kadiri yanavyolika bila mpangilio ndivyo yanavyozidi. Gari linalokaa lami kwa sehemu kubwa ya mwaka na kuingia hifadhini wakati wa kiangazi linatosheka na tairi la mchanganyiko. Umoja wa Ulaya umelazimisha lebo za matairi tangu 2012, na lebo hiyo inaonyesha desibeli za nje. Mnunuzi wa huku anaweza kuisoma na kulinganisha. Matairi yabadilishwe nafasi kila kilomita 10,000 hivi na upepo wake upimwe yakiwa baridi. Mngurumo unaobadilika gari linapokata kona si wa tairi, ni wa beringi, na huo haungoji mwisho wa mwezi.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumze juu ya kuvika bodi. Bati pana likigongwa kwa kidole linalia kama debe tupu, na barabarani injini na magurudumu ndiyo yanayogonga. Dawa yake ni karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili, zinazobandikwa katikati ya bati. Robo hadi nusu ya eneo inatosha kutuliza mtetemo, hakuna haja ya kujaza gari kilo juu ya kilo. Sakafuni na kwenye ukuta wa injini inahitajika tabaka nzito isiyo na pengo, juu ya sponji ya vitundu vilivyofungwa isiyonywa maji. Tunawaonya wanaotumia sponji ya godoro: inanyonya maji ya mvua na ya kuvuka mito, inaozesha bati kimyakimya, na inashika moto kirahisi. Wanaobandika lami ya kuezekea nao hujuta jua linapowaka, maana inalainika, inateleza na kunuka ndani ya gari lililofungwa.

Mafundi bodi wa Arusha wanaorefusha chasisi na kukata mapaa tunawaomba kitu kimoja. Kazi yenu inasifiwa, na ni haki. Lakini paa la kufungua linakabidhiwa likiwa limepimwa macho tu, rangi na kunyooka kwake. Lipimwe na barabarani. Fundi na mwenye gari wapande pamoja, vioo vifungwe, waende kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyonyooka, mmoja ashike simu yenye programu ya kupimia desibeli karibu na sikio la abiria. Simu si chombo cha maabara, lakini simu ile ile, gari lile lile na barabara ile ile zinatoa namba mbili za kulinganisha, kabla ya kazi na baada yake. Mwenye gari asilipe fungu la mwisho kabla ya kuiona namba ya pili.

Wapo wanaosema dereva anahitaji kulisikia gari lake. Ni kweli, na ndiyo maana tunataka kelele za bure zitoke. Beringi inayoanza kulia, springi iliyokatika jani, honi ya lori linalotaka kupita: vyote hivi vinasikika mapema pale upepo unaponyamaza. Wapo pia wanaosema fedha hazipo. Seti ya raba za milango ni gharama ndogo mno mbele ya bei ya gari hili jipya, na mwendo wa pole unarudisha fedha zake kwenye mafuta.

Kwa hiyo tunawaambia maofisa manunuzi wa wizara, halmashauri na mashirika: zabuni ijayo ya magari ya wagonjwa na ya kazi za vijijini itaje kiwango cha kelele ndani ya gari, kikipimwa vioo vikiwa vimefungwa kwa kilomita 80 kwa saa, na spika ya king'ora iwekwe mbele na si juu ya paa. Wasimamizi wa magari waongeze raba za milango, mpira wa gia na vizibo vya sakafu katika orodha ya kila sevisi. Na madereva, mnapoandika ubovu wa gari kwenye kitabu chake, andikeni na kelele.