Jiwe Lililoachwa na Barafu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wasomaji wetu watukufu, na hasa akina mama, leo tunaandika kwa haya, maana mwanzo wa habari hii ni kosa letu wenyewe.

Miaka sita iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia kutaka shauri. Bintiye ameposwa na kijana Mnubi, mzaliwa wa Kibera, dereva wa gari la watalii. Hatukuuliza sala yake wala tabia yake. Tulisema tu kwamba asili ya watu hao haijulikani, na huenda kijana si kufu ya binti wa mji. Alhamdulillahi, baba wa binti hakutusikiliza, akaozesha.

Mwezi uliopita dharura ilitupeleka Nairobi, na aliyejitolea kutupokea ni binti yule yule. Anakaa Kawangware na mumewe na watoto wawili. Mitaa hiyo tulikuwa tukiijua kwa kusikia, nasi tumewahi kuitaja mbele za watu kwa kuonya. Usiku wa kwanza jirani yao, mama wa Kiluhya asiye Muislamu, alisikia kuna mgeni wa Pwani. Akaja na kuku hai mkononi, akisema tumchinje wenyewe ili tule bila shaka. Tukajiuliza: ni nani kwetu aliyewahi kumfikiria mgeni wa dini nyingine kwa uangalifu kama huo?

Siku ya tatu kijana alikuwa na safari ya Mlima Kenya, akatuomba tuandamane. Tulipita njia ya Naro Moru. Gari likatufikisha kiasi cha mita 3,000, tukalala hapo, na kulipokucha tukapanda kwa miguu hadi bonde la Teleki, tukihema kama mvukuto wa mhunzi. Maji ya kutawadhia yalikuwa baridi hata nafsi ikatamani tayamamu.

Kijana akatufundisha kuyasoma mawe. Theluji, alisema, hujazana miaka kwa miaka, ikagandamana kuwa barafu nzito. Barafu hiyo huteremka polepole kwa uzito wake, ikichimba bonde na kubeba mawe. Mawe yaliyo chini yake huukwaruza mwamba, na mikwaruzo hiyo tuliipapasa kwa vidole vyetu. Inapoyeyuka, huuacha mzigo wake palepale, ndiyo matuta ya mawe tuliyoyaona yamelala kando ya bonde.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza, J. W. Gregory, alitoka Mombasa pamoja na wapagazi wa pwani akafika kwenye barafu za mlima huu. Aliyakuta matuta hayo chini sana kuliko ukingo wa barafu wa siku zile, akatambua kwamba zamani ilishuka mbali zaidi. Leo ukingo umezidi kurudi juu, na barafu iliyopewa jina la Gregory imekwisha kabisa. Kijana akatuonyesha jabali moja kubwa kuliko chumba, limekaa peke yake majanini. "Hili ni la kule kileleni, ustadhi," akasema. "Halikuja kwa miguu yake."

Tuliporudi alitupeleka Makina, Kibera, kwa bibi yake, ambaye wajukuu humwita haboba. Sinia ya gurusa ilikuwa imefunikwa kwa tabaga la rangi nyingi, mfano wa kawa zetu za ukindu. Tukamsimulia habari za lile jabali. Akacheka, kisha akanyamaza.

"Basi ndiyo sisi, mwanangu," akasema. "Babu zetu waliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka Sudani, wakawekwa hapa palipokuwa msitu, Kibra kwa Kinubi ni msitu. Mwingereza akaenda zake, sisi tukabaki. Na kwa miaka mingi mtoto akiomba kitambulisho aliulizwa katoka wapi."

Maneno yake yana ushahidi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Na sisi wa Pwani, ambao vijana wetu nao wamesumbuliwa kwa maswali yale yale, tulimuuliza mjukuu wake swali hilo hilo alipokuja kuposa.

Tukamwomba haboba radhi, na kijana pia. Kijana akainamisha kichwa. Kumbe alijua siku zote. Haboba akatusogezea sinia: "Kula, mwanangu. Gurusa inapoa."

Enyi wazazi, Mola wetu ametubainishia katika Suratul Hujurat kwamba makabila ni ya kujuana, na utukufu ni kwa uchamungu. Posa ikibisha hodi kwenu, ulizeni dini na tabia, na nendeni mkale nyumbani kwa watu kabla ya kuwahukumu. Nasi tulioulizwa tukajibu bila kujua, tumerudisha kauli yetu mbele yenu.

Wabillahi tawfiq.