Mazungumzo ya Jamaa: Mazembe na Lupopo, nani ana watu wengi?



Swali la leo si geni kwa wakaaji wa Lubumbashi. Huulizwa sokoni, huulizwa ndani ya basi, huulizwa mbele ya kanisa watu wakitoka Misa, na mara nyingine huulizwa mezani hata bukari ikapoa: kati ya Tout Puissant Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, timu ipi ina watu wengi? Kila mmoja ana jibu lake tayari, na mwenye sauti kubwa hudhani ya kuwa ndiye mwenye haki. Basi leo tulitazame swali hili kwa utulivu, kama watu wazima.

Kabla ya kuhesabu wafuasi, yafaa tujue asili ya timu zenyewe. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto, waliokuwa wakiongoza shule ya Institut Saint-Boniface katika mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa na nia ya kuwa mapadri. Wakaipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baadaye wakaingia wachezaji wasio wa shule, wamonaki wakaacha uongozi, na timu ikachukua jina la Englebert, yaani jina la kiwanda cha Ubelgiji kilichotengeneza mipira ya magurudumu ya motokari. Maneno «Tout Puissant», maana yake Mwenye nguvu zote, yaliongezwa baada ya msimu ambao timu haikushindwa hata mara moja. Sisi Wakristu jina hilo twalijua kuwa ni la Mmoja tu, lakini wapenzi wa mpira hawakukusudia ubaya. Walikuwa na furaha, na furaha haina kipimo. Jina la Mazembe likaja nyuma, nalo ndilo lililoenea katika Afrika yote.

Mwaka huohuo 1939 hutajwa pia kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Éloi, kabla ya kufanywa askofu katika nchi ya Ufaransa, alikuwa mfua dhahabu, na hata leo ni msimamizi wa wafua vyuma. Jina hilo liliwafaa vema watu wa nyundo na chuma, na ndiyo maana wana wa Lupopo huitwa «Cheminots», yaani watu wa reli. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, na mji ukakua kandokando yake na kandokando ya viwanda vya shaba. Anayevaa manjano na buluu ya Lupopo amevaa pia kumbukumbu ya wazee walioamka usiku kwa sauti ya king'ora cha kazi.

Mwaona basi ya kuwa timu hizi si wageni waliokutana njiani. Ni watoto wa mji mmoja, waliozaliwa wakati mmoja, na kila mmoja akapewa jina la mtakatifu. Kamalondo, kwenye kiwanja cha Mazembe, na Kenya, kwenye kiwanja cha Kibassa Maliba, ni komini zinazopakana. Mtu hutoka moja kwenda nyingine kwa miguu. Ni kwa sababu ya ujirani huo ugomvi wao una moto. Mtu hashindani na yule asiyemwona.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Kuna namna tatu za kuwapima wafuasi wa timu, na kila namna ina jibu lake.

Namna ya kwanza ni kutazama umbali jina linakofika. Hapo Mazembe haina wa kulingana naye katika mji wetu. Mwaka 1967 na mwaka 1968, ikiitwa bado Englebert, ilitwaa kombe la timu bingwa za Afrika mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyolifanya kabla yake. Ikalitwaa tena mwaka 2009, mwaka 2010 na mwaka 2015. Mwisho wa mwaka 2010, huko Abu Dhabi, iliishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la klabu. Ilishindwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0, lakini siku ile hata watu wa miji isiyo yetu walijiita wana wa Mazembe. Tangu mwaka 2011 timu hiyo ina kiwanja chake yenyewe pale Kamalondo, chenye nafasi za watu zaidi ya 18 000. Nyeusi na nyeupe yake huvaliwa mbali sana na Katanga.

Namna ya pili ni kutazama wingi wa watu siku ya derby. Lakini kipimo hiki kinadanganya. Siku hiyo kiwanja hujaa pande zote mbili, na anayekaa nje si kwamba hapendi. Pengine hakupata fedha ya tikiti, pengine yuko kazini, pengine mkewe ni mgonjwa. Anayehesabu vichwa vilivyo ndani ya uzio amehesabu mifuko, hakuhesabu mioyo.

Namna ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ndiyo ninayoipenda: kutazama ni nani anayebaki wakati wa njaa. Mazembe imetwaa ubingwa wa nchi mara nyingi. Lupopo ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 2002, kisha ikapita miaka zaidi ya 20 bila kuupata tena. Katika miaka hiyo reli yenyewe ilidhoofika, na wafanyakazi wake walikaa miezi mingi bila kupewa mshahara. Pamoja na hayo, manjano na buluu haikutoweka katika mitaa ya Lubumbashi. Baba aliwarithisha wanawe mapenzi hayo, bila kuwa na kombe jipya la kuwaonyesha. Wazee walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mshindi hupata ndugu wengi kwa siku moja. Lakini yule anayekuja kiwanjani baada ya kushindwa mara tano, huyo ni ndugu kweli.

Lakini tusiwaonee watu wa Mazembe. Wako wanaosema kwa dharau ya kuwa wafuasi wa Mazembe ni watu wa kufuata fedha na makombe tu, waliokuja tangu Bwana Moïse Katumbi aliposhika uongozi wa timu mwaka 1997. Maneno hayo si ya haki. Baada ya kombe la washindi la Afrika la mwaka 1980, Mazembe ilikaa miaka 29 bila kombe lolote la bara letu. Wazee wa Kamalondo waliovumilia miaka yote hiyo wanajua njaa sawasawa na wazee wa Lupopo. Ni kweli ya kuwa fedha na ushindi vimeleta wengi wapya. Lakini hata mto mkubwa, maji yake mengi hutoka katika mvua ya juzi, na chemchemi haikauki kwa sababu hiyo.

Basi jibu langu ni hili: Mazembe ina watu wengi zaidi walio mbali, ndani ya mji, kila upande una watu wake wa damu, na hakuna aliye na haki ya kumwita mwenzake mdogo. Tena kila timu inamhitaji mwenzake. Ondoa Lupopo, na Mazembe itabaki na makombe yake bila mtu wa nyumbani wa kumwonyesha. Ondoa Mazembe, na Lupopo haitajua itapima nguvu zake kwa nani.

Tena kuna neno moja la kushukuru. Mji wetu umejua maumivu ya ukabila; waliokuwa hai mwaka 1992 na 1993 wanakumbuka jinsi jirani alivyofukuzwa na jirani, na jinsi watu wa asili ya Kasai walivyokaa katika magare wakingoja treni. Derby ya Mazembe na Lupopo haigawanyi watu kwa kabila. Katika nyumba moja utamkuta baba ni wa Lupopo, mama ni wa Mazembe, na watoto wamegawanyika nusu kwa nusu. Shemeji humtania shemeji, mjomba humcheka mpwa, na Jumatatu wote hunywa chai katika birika moja. Ushindani unaopita katikati ya meza hauwezi kuwa vita, maana hakuna ajuaye ampige nani.

Lakini meza hiyo huvunjika, na ndiyo sababu nimeandika leo. Mwezi wa tisa mwaka 2008, huko Butembo katika Kivu ya Kaskazini, timu mbili za mji mmoja zilikuwa zikicheza. Mchezaji alidhaniwa kufanya uchawi uwanjani. Wachezaji wakagombana, polisi wakaingilia, watu wakakimbilia milango. Walikufa zaidi ya 10, wengi wao vijana. Tarehe 11 ya mwezi wa tano mwaka 2014, huko Kinshasa, katika kiwanja cha Tata Raphaël, Mazembe ilikuwa mbele ya V.Club kwa bao moja. Mawe yakaanza kurushwa, polisi wakatupa moshi wa machozi, na watu 15 wakafa katika msongamano. Kila mmoja wao alitoka kwake asubuhi akiwaambia watu wa nyumbani ya kuwa atarudi jioni.

Na sisi wa Lubumbashi tusijidhani kuwa safi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, Mazembe iliposhindwa na Inter, watu walitoka wakashambulia maduka ya Wachina mjini, wakisema ya kuwa mwamuzi aliwaonea. Mwamuzi yule alikuwa Mjapani. Ona basi hasira inavyofanya: haimjui hata yule inayemchukia. Mwenye duka aliyevunjiwa milango hakupiga filimbi, wala hakuwako Abu Dhabi.

Iko njia nyingine ya kudai haki. Mwaka 2011 Mazembe iliishinda Simba ya Dar es Salaam, nyumbani na ugenini. Simba haikurusha mawe. Ilipeleka mashtaka kwa wakubwa wa mpira wa Afrika, ikisema ya kuwa Mazembe imemchezesha mtu asiye na ruhusa. Neno hilo likakubaliwa, na Mazembe, ingawa ilikuwa bingwa, ikaondolewa katika mashindano. Ilituuma. Lakini sheria ilisema. Tena tazama lililofuata: kijana mmoja wa Simba, Mbwana Samatta, aliyeifunga Mazembe katika mashindano yale, alikuja mwaka uleule kuichezea Mazembe. Mwaka 2015 alifunga katika michezo yote miwili ya mwisho dhidi ya USM Alger, na kombe likarudi Lubumbashi. Adui wa jana akawa mwana wa nyumba. Kama tungalimpiga mawe, nani angalitufungia mabao yale?

Ninyi baba na mama wa jamaa, watoto hawajifunzi matusi kiwanjani. Hujifunza kwanza sebuleni, wakiwasikiliza ninyi mbele ya redio au televisheni. Mtoto akikuuliza, «Baba, kwa nini watu wa Lupopo ni wabaya?», usicheke tu. Mwambie: «Mwanangu, si wabaya. Mjomba wako ni mmoja wao, naye ndiye aliyekulipia shule mwaka jana.» Mwonyeshe tofauti ya utani na tusi. Utani humcheka mtu akiwako, naye huweza kujibu. Tusi hutaka anyamaze. Utani huisha kwa kupeana mikono; tusi hutafuta jiwe.

Nanyi wanafunzi, mnaokwenda kiwanjani makundi kwa makundi, shikeni mambo machache. Jueni mlango wa kutokea kabla ya kukaa. Msiwapeleke wadogo zenu mahali penye msongamano. Mkiona jiwe la kwanza limerushwa, ondokeni polepole bila kukimbia, hata kama timu yenu inaongoza. Bao mtasimuliwa nyumbani. Msimguse mtu kwa sababu ya rangi ya shati lake. Na mkishindwa, kubalini, maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

Siku ya derby ijayo, nyeusi na nyeupe itapita njia moja na manjano na buluu, kutoka Kamalondo hadi Kenya na kutoka Kenya hadi Kamalondo. Imbeni kwa nguvu zote, kila mmoja kwa timu yake. Ushindi ni wa upande mmoja tu. Lakini kurudi nyumbani salama, kila mama anautaka kwa wote. Waliozianzisha timu hizi walitaka vijana wapate mahali pa kucheza, wala hawakutafuta mahali pa kuwazika. Hilo ndilo jibu la kuwapa wanaouliza ni nani ana watu wengi: yule ambaye watu wake wote wamerudi.