Bahari Si ya Watalii Peke Yao

Wasee, kuna sentensi imenichosha: “Hiyo michezo ya maji ni ya wazungu.” Nimeisikia Nairobi, nikaisikia tena Mombasa kutoka kwa jamaa aliyezaliwa karibu na ufuo kabisa. Manze!

Nenda Lamu siku ya mashindano ya mashua. Wanaoshindana ni vijana wa pale pale, rika letu. Upepo ukikaza na mashua ikalala upande, wanatambaa juu ya ubao uliotokeza nje na kuukalia, ili uzito wao uisawazishe. Injini hakuna. Ni tanga, kamba na nahodha anayepiga kelele. Wakipinduka, watu waliojaa ufuoni wanacheka kwanza, halafu ndio wanauliza kama wako salama. Nani aliwafunza? Baba zao na babu zao.

Diani nako, kaskazi ikivuma kati ya Desemba na Machi, utaona kaiti zimejaa angani. Mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi makubwa huko nje, kwa hivyo maji ya ndani yanatulia. Msee ananyanyuliwa, anajiona ndege, sekunde mbili baadaye amebwagwa na kumeza chumvi ya mwaka mzima. Anaibuka akicheka.

Kuanguka ndiyo raha yenyewe. Mimi na binamu yangu tulikodi kayaki pale Kilifi. Binamu anapiga kasia kuelekea anakotazama, na siku hiyo alitazama kila mahali. Tulizunguka kama matatu inayotafuta abiria. Mzee mvuvi akapita na mtumbwi wake, akatuangalia, akauliza kwa upole, “Wanangu, mwaenda au mwarudi?” Hadi leo hatuna jibu.

Najua utasema doo. Ni kweli, kozi ya kaiti ni ghali, na mimi niliyeacha kampasi sina hela za kutupa. Lakini kuelea hakuhitaji kaiti. Kinachotufungia nje ni kwamba wengi wetu hatujui kuogelea. Shuleni nilifunzwa mpaka sehemu za panzi, lakini hakuna siku hata moja nilifunzwa kuelea. Halafu tunafika Pwani na simu mkononi, tunaruka kwa boti kutafuta picha.

Hapo ndipo mchezo unageuka msiba. Kuna boti moja niliingia, nikauliza jaketi okozi ziko wapi. Jibu: “Ziko, usijali.” Zilikuwa zimefungiwa chini ya viti kwa kufuli. Nilishuka. Wenzangu waliniita muoga, na sijali. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na sisi tunaotengeneza video tuache kuvua jaketi ili tanga na shati vionekane vizuri. Mtoto wa miaka 15 anatutazama, kesho anaiga.

Kwa hivyo fanya hivi. Jifunze kuelea kwanza, hata kama ni kwenye kidimbwi cha mtaani. Vaa jaketi, ufunge kamba zake zote. Muulize mvuvi maji yanajaa au yanakupwa, kwa sababu yeye anajua kuliko programu ya simu yako. Baada ya hapo, pinduka utakavyo.

Sasa niambie kwa komenti, bila uongo: wewe unajua kuogelea, ama unajua tu kupiga picha ukiwa magotini mwa maji?